Mraba Ukutani kwa Mama Nafula

Jumatatu, 2 Machi

Nimeshinda tena na jarida la chama chetu cha watu wa magharibi mwa nchi tunaoishi mjini. Mwenyekiti anataka kurasa zipungue nusu. "Watu wote wako kwa simu siku hizi," anasema. Nimekata mashairi. Nimekata salamu za matawi. Umebaki ukurasa wa mwisho, wa marehemu. Huo mgumu. Wanachama huukata, wakautia fremu, wakautundika sebuleni.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata dawa. Mahali pa picha na wasifu naweka mraba wa kuskani. Unaelekeza simu, marehemu anafunguka na picha zake zote kwenye tovuti. Mwenyekiti alipiga makofi. Nikavimba kichwa.

Wa kwanza ni Mzee Barasa wa mtaa wa Huruma, mstaafu wa reli. Jarida la huko alilisambaza yeye, mlango kwa mlango, ngazi zote zile. Mjane wake, Mama Nafula, alituletea picha yake ya pekee.

Jumamosi, 14 Machi

Limetoka! Jepesi, linang'aa. Nimelinusa kama mkate. Leo nimehamishia tovuti kwenye anwani mpya, ifanane na sura mpya. Nimechoka, nina furaha.

Jumapili, 22 Machi

Natoka Huruma.

Nilipita baada ya kanisa kumsalimu Mama Nafula. Ukutani, fremu. Ndani ya fremu, mraba wangu. Ameukata vizuri kwa makasi na kuufunika nusu kwa kitambaa cha kufuma.

"Waliniambia Barasa ako hapa ndani," akasema. "Hii kabambe yangu, simu ya vitufe, haimfungui. Hebu mfungue nimwone."

Nikaelekeza simu. Ukurasa haupatikani. Nikajaribu tena. Ndipo nikakumbuka: nilihamisha tovuti jarida likiwa limeshachapishwa. Mraba unaelekeza kusiko na mtu.

"Ni netiwaki, mama."

Akacheka kidogo. "Hata yeye alikuwa hivyo. Ukimwita mara ya kwanza, haitiki."

Nilitamani anitukane. Akanimiminia chai. Majuto ni mjukuu, lakini wangu kazaliwa upesi.

Jumatatu, 23 Machi

Picha ya mzee ilikuwa kwenye droo yangu, ndani ya bahasha. Sikuwa hata nimeirudisha. Nimepanga ukurasa wa zamani: picha kubwa, jina, miaka ya reli, watoto. Nimechapisha nakala moja. Mwenyekiti nimemwambia ukurasa unarudi toleo lijalo. Amesema tutaona.

Jumatano, 25 Machi

Nimempelekea. Alipangusa uso wa mzee kwa kanga. Tukamtundika pamoja.

Niliomba niondoke na mraba. Amekataa. Anasema niuache hapo hapo, pengine siku moja mzee ataitika.

Sikumwambia kuwa haikuwa netiwaki. Nimerudi kwangu Komarock, mvua imeanza, nimeanua nguo.