Mguu wa Baba na Majani ya Mama

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ninadai hivi, na nitaitetea hoja yangu: mama hamnyimi baba chakula, amemwokolea mguu.

Ukoo mzima ulicheka kikaoni uliposema, "Shemeji amemgeuza kaka mbuzi, anamlisha majani." Mama alicheka pamoja nanyi. Tulipofika nyumbani aliingia jikoni kuchambua mboga.

Hukuwapo kisukari kilipofika mguuni, kidonda kikakataa kupona, na daktari akataja kukata kidole. Dawa baba anameza, sikatai. Lakini ni mama aliyejaza mbegu za maboga katika kopo la sukari, akaijaza sahani mboga na maharage, kisha akauhamishia mtungi wa maji uani, mbali na cherehani ya baba, ili fundi wetu huyo akishikwa na kiu ainuke.

"Unanitembeza kama mfungwa," baba hunung'unika.

"Tembea, bwana. Maji hayana miguu, wewe unayo."

Juzi kidonda kilifunga, na kidole kipo.

Ulimcheka mbele ya ukoo, basi nijibu mbele ya ukoo, kikao kijacho, ukiwa umesimama. Baba atakuja kukusikiliza, kwa miguu yake miwili.

Ni mimi mwanao, mbishi kama ulivyonilea.