Anachavusha Vanila ya Shamba Alilodhulumiwa

Mpendwa Bi Bashira, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu maana nimefanya jambo na sina wa kumwambia. Mimi na mume wangu Kasiani ni Wakristo, baba yake alituachia shamba la viungo Kidichi, na kabla ya kufa alitia dole gumba kwenye karatasi mbele ya sheha kwamba Kasiani na kaka yake Polikarpi wagawane sawa, lakini hata arobaini haijafika Polikarpi akalizungushia waya shamba zima, akasema mkubwa ndiye mrithi, na mume wangu akaitia karatasi ndani ya kitabu chake cha sala akanyamaza. Kunyamaza ningestahimili, ila kila msimu wa vanila anaamka alfajiri na baiskeli yake kwenda kumchavushia kaka yake, kwa sababu ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono, kwa kijiti, saa sita limenyauka na tunda hakuna, na Polikarpi kazi hiyo haiwezi, vidole vyake vizito. Nilipomuuliza kwa ukali akanijibu, "Urithi wangu mimi uko mbinguni, haunyauki, basi nna haraka gani ya kugombana? Haraka nnayo ya ua." Na kweli analala usingizi mnono, watoto anawachekesha, kaka yake akiugua yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi, na moyoni namstahi hadi machozi yananilenga, lakini jirani yangu Bi Ummukulthum aliniuliza, "Mumeo ana imani au ana woga?" basi nikaichomoa ile karatasi kitabuni nikampelekea wakili mjini, amechukua nakala, kesi inafunguliwa Jumatatu, karatasi ninayo mkobani, mume wangu hajui lolote, na Jumapili atakifungua kitabu kanisani. Nifanye nini?

Simforosa, Chukwani

Marahaba, Simforosa. Nianze na lisilokupendeza: umeiba. Usilitafutie jina laini.

Sasa nikujibu la jirani yako. Mimi ni Muislamu, kwetu mirathi ina mafungu yake, na bado barua za ndugu waliodhulumiana zinanijia kila wiki, wengine hawazikani. Sijapata kusoma ya mtu aliyenyang'anywa shamba kisha akarudi kulitunza. Mwoga angelikwepa hata kwa macho. Mumeo anaingia palepale alipofungiwa waya, mkononi ana kijiti, na anatoka hana chuki. Anajua kuna alichowekewa, ndiyo maana hana cha kung'ang'ania. Nimemstahi, nami sijamwona. Kamwambie Bi Ummukulthum nimesema mimi.

Lakini haki ni haki, na sikwambii muiache. Tumaini la peponi halimkatazi mtu kumwambia nduguye, "Umenidhulumu." Hapo Kasiani kapungukiwa. Kumnyamazia kaka yake ni kumwacha na dhambi yake, na hilo si pendo kamili.

Basi leo, si kesho, mpigie wakili asimamishe. Karatasi usiirudishe kitabuni kimyakimya, kimya mnacho cha kutosha humo nyumbani. Mpe mumeo mkononi, mweleze ulivyofanya, umwombe radhi. Akishapoa, mwombe nawe jambo moja: aende nayo kwa Polikarpi, pamoja na padri wenu na yule sheha aliyeshuhudia, aseme la moyoni mwake. Polikarpi akikaidi, mahakama haihami. Mtakwenda, ila mtakwenda wawili.

Na Jumatatu mjini usionekane. Nenda Kidichi na mumeo, mfike umande haujakauka, umwombe akufundishe kukishika kile kijiti. Simama karibu, uitazame mikono yake inavyofanya kazi kwenye ua la mwenzake, halafu uniandikie kama hiyo ni mikono ya mwoga.