Mkono wa Idah

Malindi, 14 Juni 1986

Kwako Baba Idah, huko Mariakani,

Sisi wazima, na duka linakwenda. Idah alikataa shule kwa sababu Mwalimu Priscilla humchapa akiandika kwa mkono wa kushoto. Jumatatu nilifunga duka nikaenda kwa mwalimu mkuu.

"Kwa mkono wa kushoto Idah hupata hesabu tisa kwa kumi," nikasema. "Kwa wa kulia, mbili."

Priscilla akaitwa. Akanijibu kwa upole, "Mama Idah, babake alipokuja Pasaka aliniomba nimnyooshe kabla hajaaibisha ukoo."

 Hata hivyo mwalimu amekubali kuacha kumchapa, na Idah amerudi darasani. Hajui kwamba ni wewe uliyemwomba mwalimu. Ukija, mwambie mwenyewe. Akiniuliza mimi, sitamdanganya.

Mkeo,
Monicah