Mahindi Aliyoyaanika Mama

Dada yangu wa mbali,

Hatujambo, na paa la jikoni halivuji tena. Barua ya chuo imefika: nimepata nafasi ya kusomea uzamivu, na wafadhili watanilipia ada na posho miaka mitatu.

Acha nikuchekeshe. Unazikumbuka zile chupa za mahindi nilimofuga fukusi miezi minane ili nijaribu dawa? Mama aliona uchafu tu. Akayamwaga yote juani kwenye turubai jeusi, akayafunika, jioni akayapepeta. Nilikaa chini nikalia. Kesho yake nikayachunguza: hakuna fukusi hata mmoja aliyekuwa hai. Basi dawa nikaiacha, nikaandika ombi upya, juu ya joto la turubai. Kwenye usaili wakaniuliza wazo ni la nani. Nikasema la mama yangu. Profesa akacheka, "Basi tungemsajili yeye."

Nilipomsimulia Mama, akaniuliza, "Mahindi gani?" Hakumbuki, Dada. Na mambo ya namna hiyo ni mengi kuliko ninavyokwambia kwenye simu.

Juzi alinifungia sanduku mwenyewe. Akaniita kwa jina lako, akasema, "Nenda kasome, usiwe na wasiwasi. Mdogo wako yupo, atabaki na mimi."

Nikaitikia jina lako. Chuoni nimeshajibu kwamba nakwenda mwezi wa tisa. Chumba chako nimekipaka rangi, na kitanda nimekitandika.

Ni mimi mdogo wako, ambaye safari hii habaki.