Udongo wa Bustani ya Mama

Mpendwa Mjomba,

Huku tu wazima. Mama bado anakoroma na bado anakana.

Mashine yetu ya leza hapa maabara imefaulu. Unaupiga udongo kwa mwanga mkali, nao hutoa cheche, na rangi za cheche hutaja madini yaliyomo. Nilianza na bustani ya Mama, nyuma ya kiwanda cha betri kilichofungwa. Madini ya risasi, ambayo ni sumu mwilini, yamejaa tele. Nikayakunja majibu mfukoni, maana mboga alizolima hapo na kuuza ndizo zilizonisomesha.

“Sema,” Mama akaniambia. “Sikukusomesha uje unifiche.”

Nikasema. Akazing'oa mboga zote, kisha akawapitia majirani: “Leteni udongo, binti yangu apime.”

Naye amepimwa damu kuona kama sumu imemwingia; majibu hayajatoka. Leo amekaa mlangoni mwa maabara akiwapanga foleni wenye udongo, na humwambia kila anayefika, “Yule mwenye koti jeupe ni wangu.”

Mpwa wako akupendaye