Kofia ya Wageni Bado Imetundikwa Ukutani

Mpwa wangu Eliya,

Najua huko Nakonde, kwa baba zako wadogo, habari zetu unazipata kwa watu wanaovuka mpaka. Hii nimeamua kuiandika mwenyewe, tena hadharani, kwa kuwa kosa langu nililifanya mbele ya watu.

Unakumbuka siku nilipokuja karakanani Mpemba kuagiza mabenchi ya kanisa? Ulikuwa kwenye msumeno wa mviringo, unapasua mbao, unga wa mbao umekujaa hadi kwenye kope. Niliona kifuniko cha chuma kimetundikwa ukutani kwa msumari, nikakuuliza kazi yake. Mkacheka nyote.

"Hiyo ni kofia ya wageni, mjomba," ulisema. "Wakija wakaguzi tunauvisha msumeno. Wakiondoka tunauvua. Tajiri anasema inachelewesha kazi."

Nami nikacheka. Mwalimu mstaafu, mtu wa kukemea kila kitu, nikacheka, kisha nikauliza mabenchi yatakuwa tayari lini.

Yalikuwa tayari Jumapili iliyofuata. Kufikia siku hiyo, msumeno ulikuwa umekwisha kukata vidole vyako vitatu vya mkono wa kulia. Wenzako waliniambia kwamba tajiri aliagiza damu ifunikwe kwa unga wa mbao, na kabla hujafikishwa hospitali mashine ilikuwa inanguruma tena. Ubao uliokuwa unaupasua ulirandwa, ukapakwa vanishi. Sijui uko kwenye benchi lipi. Kila ninapoketi kanisani naukagua ubao nilioukalia.

Kisha, ulipokuwa kwangu Isansa baada ya kutoka hospitali, tajiri wako alikuja na wazee wawili, mbuzi, na blanketi la kumpa mama yako.

"Mwalimu, haya tuyamalize kifamilia," alisema.

Alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa: kwamba uliumia kwa kucheza na mashine, na kwamba huna dai lolote. Ulinitazama mimi, hukumtazama yeye.

"Mjomba, mimi sikucheza."

"Weka dole gumba," nilisema. "Usiniaibishe mbele ya wazee wenzangu."

Uliliweka. Nami nikatia sahihi chini yake kama shahidi. Mbuzi alichinjwa siku hiyo hiyo, na nyama nikala. Mwezi haukuisha, tajiri akakwambia karakana yake haina kazi ya mtu wa mkono mmoja.

Ulipokuja kuniaga ulinipa mkono wa kushoto, wa kulia umeuficha mfukoni. Nikakukaripia: "Mkubwa hapewi mkono wa kushoto!" Uligeuka, ukaenda zako. Nayaona maneno yale ni machafu kuliko ya tajiri.

Wiki iliyopita nilipita Mpemba. Mahali pako amesimama mtu mwingine, baba wa watoto wawili. Nilimwuliza kuhusu kile kifuniko.

"Kofia ya wageni hiyo, mwalimu!" alisema, akacheka.

Safari hii sikucheka. Nilitoka nje, nikatema mate.

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kazi. Nilieleza kwamba karatasi ile ni ya uongo, na kwamba aliyeushuhudia uongo huo ni mimi. Ofisa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anahitaji maelezo yako mwenyewe, ana kwa ana. Usipofika, karatasi ile ndiyo itakayosimama. Tajiri amekwisha kusikia, na wale wazee wawili sasa wananiita mchonganishi. Waniite. Nimechoka kuheshimiwa na watu wa namna hiyo.

Njoo, Eliya. Jumatatu asubuhi nitakuwa mpakani, upande wetu, nikikungoja. Ukiniona, usifiche kitu mfukoni. Nipe mkono wa kulia jinsi ulivyo. Nitaupokea kwa mikono yangu miwili, kama mdogo anavyoupokea mkono wa mkubwa.

Ni mimi,
Mjomba wako