Jiwe la Kusagia la Anastazia

Busi, Kondoa
12 Februari 2022

Mpwa wangu Yasinta,

Naomba radhi kwa ukimya wa miezi mitano. Barua zako mbili zilinifikia. Hazikupotea njiani, wala sikuugua. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, nami siandiki barua isiyo na jibu. Natumaini wewe na mwanao Stanley hamjambo, na kwamba miguu ya dada yangu Anastazia imepungua kuvimba. Hapa kwetu mimi na Mama Brighton tu wazima. Mvua ilichelewa, lakini ulezi umesimama.

Sasa nakujibu. Unasema mama yako anataka kurudi kwenye shamba la Korongoni, ajengewe chumba kimoja, amalizie maisha yake hapo na azikwe kando ya mdogo wako Sila. Ombi hilo nalielewa. Lakini mwaka 1979, serikali ilipoamuru mifugo yote itolewe katika milima hii ili ardhi iliyomomonyoka ipone, kila nyumba ilichagua. Wenye ng'ombe wengi walishuka nao nyikani. Wasio nao walibaki. Baba yako Elieza alichagua ng'ombe. Mimi nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na minne, mwenye baiskeli na mbuzi wawili. Nikabaki. Ninyi mlipoondoka, sisi tulipanda miti, tukachimba makinga maji, tukaziba lile korongo kwa mikono yetu. Shamba unaloliona leo silo aliloliacha mama yako. Aliacha mifupa ya shamba.

Isitoshe, kijiji kinapimwa. Mwanangu Brighton amekwisha kuandikisha Korongoni kwa ajili ya hati ya kimila, na ameanza kujenga.

Usinipigie tena simu kwa shauri hili. Maneno ya simu hayana mwenyewe. Mambo ya ardhi huandikwa, yakawekwa tarehe na sahihi. Barua hii anaileta Marko, yule anayepeleka ulezi soko la Majengo.

Mjomba wako,
Mwl. Ludovick


Kizota, Dodoma
6 Machi 2022

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama Brighton salamu zangu. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa mama hatembei tena. Analala chumba cha nyuma ya karakana ya Stanley. Mashine ya kukatia vyuma ikianza kulia, anaziba masikio na kusema nyuki wa Dodoma ni wakubwa. Tunacheka, naye anacheka.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye maneno "Elieza alichagua ng'ombe". Hapo akanizuia kwa mkono.

"Muulize Ludo jiwe langu liko wapi."

Mjomba, unajua anachosema. Kwetu mwanamke anayehama moja kwa moja huondoka na jiwe lake la kusagia, hata kama litavunja mgongo wa punda. Anayeliacha amesema atarudi, na anayepokea ulinzi wa jiwe amepokea na ulinzi wa shamba. Nilikuwa na miaka saba siku ile, lakini nilikuwepo. Mama alililaza jiwe kifudifudi kwenye pembe ya jiko, akakuambia, "Mdogo wangu, nimekuachia." Ukamjibu, "Nenda, dada. Mimi nipo." Vidole vyako vilikuwa na chaki.

Mwaka jana nilipofika Busi, nyumba yetu ilikuwa imeanguka zamani, na Brighton hakuniruhusu hata kuvuka minyaa ya mpakani. Alisimama na jembe begani akasema, "Dada Yasinta, si mliondoka na ng'ombe wenu? Kawaulizeni hao ng'ombe shamba liko wapi." Vibarua wake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kaburi la Sila nililiona kwa mbali, kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu.

Sitaki kushindana na wewe, Mjomba. Lakini mama ana miaka sabini na minne. Mavuno yakipita bila jibu, nitakwenda barazani.

Mpwa wako,
Yasinta


Busi, Kondoa
22 Agosti 2022

Mpwa wangu Yasinta,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba dada yangu ana nafuu. Sisi hatujambo.

Wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba nimeupokea jana, nikitoka kanisani. Mtendaji wa kijiji hakusubiri nifike nyumbani. Alinisimamisha mbele ya wanakwaya, akanisomea jina langu kwa sauti: Ludovick, mjibu maombi. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Mtendaji huyo nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, naye kusoma hukohuko ndiko alikotumia kunisomea wito.

Hata hivyo sina kinyongo. Nipo tayari kumpa Anastazia robo ekari, upande wenye kaburi la Sila. Sharti langu ni moja. Aandike kwamba amepewa na mimi kwa hisani yangu, na kwamba hana dai lingine lolote katika Korongoni. Aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Nimeambatanisha karatasi, sehemu ya dole nimeichorea mstari.

Kuhusu jiwe, hayo ni mambo ya kinyumbani. Baraza hutaka ushahidi.

Mjomba wako,
Mwl. Ludovick


Kizota, Dodoma
4 Septemba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu.

Nimemsomea karatasi yako mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani nimekosea kusoma. Mara ya pili aliomba maji, akanywa. Kisha akasema: "Mwambie Ludo nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno. Siwezi kumwekea dole gumba kumshukuru kwa shamba langu."

Karatasi ninakurudishia. Nimeliomba Baraza lije Korongoni lenyewe, litafute jiwe.

Mpwa wako,
Yasinta


Kizota, Dodoma
28 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mimi nisingekuuliza hali, lakini mama ameniagiza. Basi: u hali gani? Na Mama Brighton? Je, kifua chake kimepoa?

Hukumu ilisomwa Ijumaa, tarehe 26. Hukuja, ila Brighton alikuwepo, nawe bila shaka umekwisha kuipata kwake, maana alitoka nje akipiga kelele kwenye simu kama mtu aliyeshinda mpira. Mimi nitakuandikia ile sehemu ambayo pengine hakuisoma. Mwenyekiti alisema mtu aliyeachiwa shamba alitunze hawezi kulifanya lake kwa kukaa muda mrefu, hata akikaa miaka hamsini. Alisema kama ingethibitika kwamba uliachiwa, ile miaka kumi na miwili ya sheria ya kudai ardhi isingehesabiwa kabisa. Lakini alama pekee iliyotajwa na mwombaji ni jiwe, Baraza limefika shambani, na jiwe halikuonekana. Maombi yametupwa.

Naikumbuka siku hiyo ya Machi. Mwenyekiti alitembea na washauri wake wawili wa Baraza mpaka pale palipokuwa jiko letu, wakapekua kwa fimbo, kukawa na vigae na majivu tu. Akakugeukia: "Mzee, jiwe la dada yako lipo hapa?" Ulivua kofia. Ukasema, "Katika shamba hili, Mheshimiwa, hakuna jiwe hilo." Karani akaandika. Mimi nilikuwa nakutazama vidole, sijui kwa nini.

Nilipomweleza mama, nilidhani atakulaani. Hakukulaani. Alisema, "Ludo hajasema uongo tangu utoto. Kama amesema halipo, basi mimi ndiye niliyesahau. Labda nililibeba. Labda lilianguka njiani na ng'ombe wakalikanyaga." Tangu hapo haamini kumbukumbu yake yoyote. Jana aliniuliza kama mlango wa kwetu ulitazama korongo au ulitazama mlima. Nilimjibu. Akasema, "Una hakika?"

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Shamba umelipata.

Mpwa wako,
Yasinta


Busi, Kondoa
30 Julai 2023

Mpwa wangu Yasinta,

Natumaini mnaendelea vizuri. Kifua cha Mama Brighton kimepoa, asante kwa kuuliza. Mimi nakula lakini sishibi, na sina homa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua. Nina neno la kusema, na nitalisema kwa mpangilio.

Jiwe la mama yako lipo. Liko nyumbani kwangu. Mwaka 1986 mvua iliangusha nyumba ya Korongoni, na vijana waliokuwa wakichimba makinga maji walikuwa wakivunja kila jiwe waliloliona. Nikaenda na toroli, nikalichukua ili lisivunjwe. Nia yangu ilikuwa njema siku hiyo. Naomba uliandike hilo moyoni hata kama hutaliamini. Mama Brighton alilisagia mpaka mashine ya kusaga ilipofika kijijini. Baadaye nilipojenga nyumba ya matofali, nililiweka kuwa kipandio cha mlango wa jikoni. Lile bonde alilolichimba dada yangu kwa kusaga linaonekana wazi. Mvua ikinyesha, kuku hunywa maji humo.

Mwenyekiti aliniuliza kuhusu shamba lile. Nilijibu kuhusu shamba lile. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na nililichagua njiani nikienda.

Tangu siku hiyo Mama Brighton halikanyagi. Anazunguka na masufuria mpaka mlango wa mbele, apite sebuleni, ndipo aingie jikoni. Wiki mbili zilizopita aliniuliza, "Mwalimu, mwanafunzi wako angekujibu vile, ungempa ngapi?" Nikachukua kofia, nikatoka. Ameolewa nami miaka arobaini na hajawahi kuniuliza swali nikakosa jibu.

Mwambie Anastazia hakusahau. Aliliacha, nami nilimwambia nipo. Mwambie mlango ulitazama korongo. Mwambie Sila yupo palepale, na kaburi lake ninalipalilia mimi mwenyewe kila Novemba.

Nakuomba jambo moja. Barua hii ibaki kati yetu watatu. Brighton amekwisha kupaua, ana mke na watoto humo, na hajui kwamba jiwe lililotafutwa ndilo hili la mlangoni. Kwake ni kipandio tu. Nitamleta dada yangu mimi mwenyewe, nitamjengea chumba, na sitamdai dole gumba.

Mjomba wako,
Mwl. Ludovick


Kizota, Dodoma
2 Septemba 2023

Mwalimu Ludovick,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na Mama Brighton. Mimi na Stanley hatujambo.

Marko aliifikisha barua yako tarehe 5 Agosti. Mama alifariki tarehe 22 Julai, siku nane kabla hujaiandika. Stanley aliniuliza kama tukuarifu, nikamwambia hapana, kwa hiyo usimlaumu yeye. Walikuja majirani wa Kizota, mafundi wenzake wakazima mashine zao siku mbili, na tukamzika hapa mjini, katikati ya watu asiowajua.

Ulisema nimwambie hakusahau. Wiki yake ya mwisho aliniuliza, "Yasinta, huyo Sila nilimzaa kweli?" Nikamwambia, "Ulimzaa, mama. Mimi nilimbeba." Akanishika mkono, akanitazama kama mtu anayejua kwamba anadanganywa kwa upole. Amekufa hivyo.

Sasa ya barua. Muda wa rufaa ni siku arobaini na tano. Uliisha tarehe 10 Julai, nawe umeniandikia tarehe 30. Ningekuwa nasoma barua ya mtu mwingine ningesema ni bahati mbaya. Lakini wewe hujawahi kukosea tarehe.

Umeomba ibaki kati yetu watatu. Mmoja wetu hayupo, na hao wawili waliobaki hawakubaliani. Nimeipeleka kwa wakili, dada mmoja anaitwa Tumsifu. Aliisoma, akairudia, akavua miwani. "Mzee huyu ameandika mwenyewe, hakuna aliyemshikia mkono?" Nikamwambia ni mwalimu, na kwamba alinikataza simu, akasema mambo ya ardhi huandikwa, yakawekwa tarehe na sahihi. Tarehe na sahihi yako zimo, pamoja na mahali jiwe lilipo. Tumeiambatanisha na maombi ya kuongezewa muda wa rufaa Mahakama Kuu.

Ninaomba Korongoni yote, wala si robo ekari. Nikiipata nitaomba na kibali cha kumhamisha mama, alale kando ya Sila. Brighton sina nia ya kumtupa nje na watoto. Mwambie tutazungumza, lakini tutazungumza nikiwa nimesimama ndani ya minyaa.

Mama Brighton mwambie namshukuru. Jiwe msilisogeze. Nyumba igeuzieni mlango mkitaka, ila lenyewe liacheni palepale mpaka litakapotazamwa na watu wa mahakama, na safari hii wataambiwa nyumba ya kwenda kutazama.

Shauri limepangwa kutajwa mwezi wa kumi. Mahakama ikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama aliyeshinda ni wewe. Kabla ya hapo usinitumie barua.

Yasinta,
binti wa Anastazia